Mshika Ufunguo wa Chumba cha Kompyuta

Rudramuni alikuwa amechoshwa na simu za watu. Hakuna Jumapili iliyopita bila shemeji, au jirani, au mtoto wa jirani kupanda ngazi za nyumba yake pale Davangere, simu mkononi, uso umejaa matumaini, kumwomba aitazame kidogo. Imekataa kuwaka. Imejaa picha. Inazungumza peke yake. Mzee mmoja wa mtaa wa nyuma alimletea kikokotoo cha dukani, na wiki iliyofuata akamletea saa ya ukutani. Wote aliwapokea kwa uso wa mtu aliyeamshwa usingizini, akakigeuza kile kitu mara mbili, akakirudisha, akawaambia kwamba yeye ni mtu wa kompyuta zenyewe, zile kubwa, na vidude vya siku hizi havijui. Wakaondoka wakimheshimu zaidi. Hilo ndilo lililomkera kuliko yote.

Maana ukweli ni kwamba Rudramuni hajawahi kuandika hata herufi moja kwenye kompyuta.

Mwaka alioajiriwa, chuo cha ufundi kilikuwa kimepokea kompyuta nane za aina ya Sharavati, zilizoundwa kwenye kiwanda ambacho siku hizi ni ukumbi wa harusi. Zilipewa chumba chenye kiyoyozi, wakati huo mkuu wa chuo mwenyewe akijipepea kwa faili. Mlango wake ulikuwa wa kioo kizito, umezungushiwa mpira pembeni ili vumbi lisipenye. Mtu hakuingia na viatu. Walimu walivua, wageni kutoka wizarani walivua, hata mbunge mmoja alivua na soksi yake ikaonekana ina tundu. Kazi ya Rudramuni, kijana wa miaka ishirini na minane wakati huo, ilikuwa kufagia kabla ya masomo, kutoa vifuniko vya kitambaa na kuvikunja, kumwaga maji ya kiyoyozi, kisha kutoka nje, kufunga mlango na kukaa kwenye stuli kulinda makobazi mia moja na ishirini ya wanafunzi yasiibiwe wala kubadilishana. Mlango ulifunguliwa mara mbili tu kwa kipindi, mwanzo na mwisho, ili baridi isitoroke. Kibodi zilipigwa brashi na wanafunzi wenyewe kila Jumamosi. Yeye aligawa brashi na kuzikusanya.

Mwaka wa pili alijitutumua akamwomba Mwalimu Venkobarao, mkuu wa chumba, amwonyeshe walau namna ya kuandika jina. Mwalimu hakumtukana. Alimtazama kwa huruma kabisa, akamuuliza, "Sasa ukijua wewe, Rudramuni, nani atafagia?" Akaingia ndani. Rudramuni akafunga mlango nyuma yake, maana ndiyo ilikuwa kazi yake.

Nyumbani habari ilikwenda kwa njia nyingine. Mshenga aliyempelekea posa alisema kijana anafanya kazi ya kompyuta, na baba mkwe, aliyekuwa hajaona hata televisheni ya rangi, akashusha mahari bila kuulizwa. Baada ya hapo utamkanusha nani? Dada yake akatangaza kijiji kizima. Neelamma, mkewe, aligundua mwezi wa kwanza tu wa ndoa, kwa sababu nguo zake za kazi zilinuka soksi za watu, lakini alikuwa mwanamke wa siri zake na akaitunza hiyo pamoja na nyingine. Aliitoa siku za ugomvi tu. "Wewe na kompyuta mlijuana kwa macho," alikuwa akimwambia, na Rudramuni angetoka kwenda kunywa kahawa mahali pengine.

Baada ya miaka kumi na minne Sharavati zikapitwa na wakati. Chuo kikajenga jengo jipya, kikaleta mashine mpya na wahudumu wapya wenye vyeti, na zile nane zikafunikwa zisubiri idhini ya kutupwa. Wakaguzi wakaja, wakazihesabu, wakaupiga mlango lakiri, wakaondoka na karatasi. Karatasi haikurudi. Sasa ni miaka kumi na saba. Rudramuni bado alikuwa na ufunguo mfukoni, bado alikaa kwenye stuli mbele ya ule mlango, akilinda chumba ambacho hata yeye hawezi kuingia bila kuvunja lakiri ya serikali na kupoteza pensheni yake. Alibakiza miezi kumi na mmoja astaafu. Kila mwezi alikumbusha ofisini kwa barua, na kila mwezi aliambiwa barua yake imepokelewa.

Kwa hiyo alikuwa na sababu zake za kuwa na hasira puani. Halafu akaja Sindhura.

Sindhura alikuwa binti wa dada yake, mwenye miaka ishirini na mitano, na kama kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye Rudramuni asingetaka amjue alivyo, ni huyo. Alipokuwa darasa la nne aliandika insha kuhusu mjomba wake wa kompyuta, ikasomwa mbele ya shule, na Rudramuni alikuwepo, amekaa mstari wa mbele, anatokwa na jasho. Binti akasoma, akafaulu, akaenda Bengaluru kujifunza kubuni maumbo ya vitu, na kila alipoulizwa amepata wapi hamu hiyo alimtaja mjomba. Sasa aliajiriwa na kampuni ndogo iliyotaka kuuza kompyuta mpya zenye sura ya zamani.

Alifika Jumamosi asubuhi na maboksi mawili na macho mekundu. Akala sahani ya mandakki, ule mchele wa bisi, na pilipili za kukaanga mbili, akameza kahawa kwa mkupuo, ndipo akaeleza. Mkuu wake, Bwana Hebbar, alikuwa amekataa michoro yake minne. Kila mara neno lilikuwa moja, kwamba haina roho. Jumatatu, siku tisa baadaye, angeonyesha ya tano, na akikataliwa hiyo, kazi itapewa mtu mwingine na yeye atarudi kwa mama yake kusikiliza habari za wachumba.

Rudramuni alisikiliza mpaka mwisho kwa taabu. "Hebu niulize kama mjinga," alisema. "Ndani yake kuna nini?"

"Ndani ni mpya kabisa, mjomba. Ya kasi. Nje ndiyo ya zamani."

"Na watu watanunua?"

"Wameshaanza kuuliza bei."

"Kwa nini wasinunue mpya wakaiita mpya?"

Sindhura alieleza kwamba watu wamechoka na vitu vyembamba visivyo na uso. Wanataka kitu kinene, chenye pembe za mviringo, chenye herufi za kijani, chenye vitufe vinavyozama. Wanataka kitu kinachokaa mezani kama kinaishi hapo. Rudramuni aliona wazimu mtupu. Zile mashine zilikuwa balaa. Ziliugua kwa vumbi, kwa joto, kwa umeme kukatika, kwa mjusi mmoja aliyeingia nyuma mwaka wa tisini na tatu. Ukikohoa karibu nazo mwalimu alikutolea macho. Leo watu waliozaliwa baada ya taabu hizo wanazilipia tena, tena wanataka taabu bila vumbi lake. Alisema hayo yote, na mengine, na Sindhura akayaandika yote kwenye daftari, jambo lililomtia hasira zaidi.

Lakini alipoanza kuulizwa mambo yenyewe, akajikuta anayajua. Alijua rangi, siyo nyeupe wala ya kijivu, ni maziwa yenye majani kidogo mno, chai ya kumnyima mgeni. Alijua upande wa kushoto ulikuwa na matundu kumi na moja ya kupitishia hewa na upande wa kulia kumi na mawili, na hakuna aliyewahi kusema kwa nini. Alijua kifuniko kilivyokaa juu ya kioo kikaacha bonde katikati, alijua uzito, maana alizihamisha zote nane mara tatu, na jinsi mgongo wa mashine ulivyobaki na uvuguvugu nusu saa baada ya kuzimwa, kama mgongo wa ng'ombe. Sindhura alichora huku amejisahau, kalamu nyingine mdomoni. Mpaka saa nane mchana meza ilijaa karatasi, na hata Rudramuni aliiona Sharavati ikimtazama kutoka pale.

"Haya ndiyo yaliyokuwa yanakosekana," Sindhura alisema. "Wote kule wanakumbuka picha. Wewe unakumbuka mwili wake."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Rudramuni alipaswa kunyanyuka pale pale aende kulala. Badala yake akaagiza kahawa nyingine.

Binti akafungua boksi la pili. Ndani mlikuwa na vibao vidogo arobaini, kila kimoja na vitufe vitatu vinne vya aina yake, kwa sababu Bwana Hebbar alikuwa mtu wa sauti. Kwake sauti ya kuandika ndiyo roho yenyewe. Video za kompyuta za kigeni zilikuwepo nyingi, lakini hakuna mtu aliyewahi kurekodi Sharavati. Aliyebaki na sauti ile ni mjomba peke yake.

Neelamma, aliyekuwa anachambua dengu pembeni, aliinua uso akamtazama mumewe, akauinamisha tena.

Rudramuni hakuogopa hapo. Hofu yake ilikuwa siku zote ile ya kuambiwa aandike. Sauti aliijua. Ameisikia saa sita kwa siku, siku sita kwa wiki, miaka kumi na minne, mtu atamwambia nini? Akavuta kibao cha kwanza, akabonyeza. Takataka. Cha pili kilikuwa kikali zaidi, mtu anatafuna karanga sikioni mwako. Cha tatu, cha kumi, cha ishirini, vyote vilipiga kelele, vyote havina adabu. Sharavati haikuwa hivyo. Sharavati ilikuwa na sauti ya chini, ya pamoja, ya mtama unaomwagwa kwenye mkeka chumba cha pili, na chini yake kulikuwa na mngurumo mmoja usiokatika. Alieleza hivyo, na Sindhura akafumba macho akisikiliza.

Walifanya kazi mpaka Jumapili jioni. Kitufe kilichokaribia kuliko vyote kilikuwa kizito kidogo, lakini bado Rudramuni alikunja uso. Sindhura akakata sponji, akaitandika chini ya kibao. Afadhali. Akaongeza ya pili, na kipande cha mpira kuzunguka ukingo. Rudramuni akanyanyua kidole. Sindhura akaweka na feni ndogo ya kunguruma nyuma. Hapo yule mzee akaegemea kiti na uso wake ukalainika kwa mara ya kwanza tangu binti afike.

"Hiyo," alisema. "Hiyo hiyo. Usiiguse tena."

"Fundi wetu atasema tumeizika."

"Fundi wenu alikuwepo?"

Sindhura akacheka, akafunga maboksi. Mlangoni akageuka, akasema Jumatatu ile lazima mjomba mwenyewe awepo Bengaluru, Bwana Hebbar ameomba, nauli imelipwa. Rudramuni akataja mgongo, akataja pensheni, akataja stuli ambayo haiwezi kuachwa bila mtu. Hakuna hata kimoja kilichosikilizwa. Binti alipoondoka, Neelamma alimaliza kuchambua dengu zake kwanza, ndipo akasema, bila ukali wowote, "Njia ya mwongo fupi, baba. Ya kwako umeikalia stuli miaka thelathini. Mwambie mtoto kabla hawajamwambia wengine." Rudramuni akamjibu kwamba hakuna wa kumwambia, sauti imepatikana, atakwenda kukaa kitini na kutikisa kichwa, atarudi.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, zulia kila mahali. Alivua viatu mlangoni bila kufikiri, na wale vijana wote wenye raba zao wakamtazama, kisha wakatazama miguu yao. Jambo hilo lilimuudhi sana. Akawekwa kwenye kiti kinachozunguka, akaletewa kahawa kwenye kikombe cha karatasi, isiyo na ladha ya kahawa wala ya karatasi. Katikati ya meza ilikuwepo ile kazi ya Sindhura, na lazima aseme kweli, moyo ulimruka. Ilikuwa Sharavati. Matundu kumi na moja kushoto, kumi na mawili kulia. Ile chai ya kumnyima mgeni.

Bwana Hebbar alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mnene, mpole, mwenye tabia ya kukaa kimya mpaka watu wote wapate kiungulia. Aliizunguka meza mara mbili. Akaweka mkono mgongoni mwa mashine. Kisha akavuta kiti, akaandika mstari mmoja.

Akasimamisha vidole, akaandika tena, taratibu, kichwa ameinamisha pembeni. Sindhura alikuwa amekamata ukingo wa kiti cha mjomba wake kwa nguvu hata kikazunguka kidogo.

"Hii," Bwana Hebbar alisema. Akavua miwani. "Hii ndiyo sauti. Mmeipata wapi?"

Sindhura akamwonyesha Rudramuni. Na yule mkubwa, kwa sauti ya mtu anayeongea na nafsi yake, akasimulia kwamba alisoma Shivamogga, darasa la watu sabini, kompyuta nane, dakika ishirini kwa wiki kila mwanafunzi kama umeme upo. Siku nyingi umeme ulikuwa hautoshi. Walisimama mstari ukumbini, miguu mitupu juu ya saruji ya baridi, wakisikiliza kundi lililotangulia. Alikuwa ametafuta sauti ile miaka mingi, alisema, akafikiri labda aliiota. Akamwambia Sindhura kazi imepita. Vijana wakapiga makofi. Sindhura hakupiga, alijifuta macho kwa kiganja kama mtoto, na Rudramuni akaanza kutafuta viatu vyake kwa macho.

Bwana Hebbar hakuwa amemaliza. Alikuwa na zawadi kwa mgeni, alisema. Wiki iliyopita amefanikiwa kununua moja halisi, kutoka kwa mkusanyaji wa vitu vya kale kule Mysuru, nayo inafanya kazi. Wakaisukuma ndani kwenye toroli, imefunikwa kitambaa. Yeye mwenyewe akakitoa kitambaa, kwa haraka tena vibaya, akaichomeka, na baada ya muda mrefu kioo kikawa kijani na alama moja ikaanza kupepesa.

"Mzee wetu," alisema, "wewe ndiye mwenyewe. Tuandikie chochote."

Kulikuwa hakuna pa kukimbilia. Rudramuni alisogezwa mbele ya mashine pamoja na kile kiti chao kinachozunguka. Alizitazama herufi. Alikuwa hajui kwa nini zimepangwa ovyo hivyo, hakuna anayejua alfabeti anayeweza kuzipanga hivyo. Akanyoosha kidole kimoja, akachagua kitufe kilichokuwa karibu, akabonyeza.

Taka.

Ilikuwa sauti kavu, ya wazi, kali kama jiwe dogo kwenye sahani ya chuma. Akabonyeza tena asadiki. Taka. Sauti ile ile aliyoikataa mara arobaini mezani kwake, ile isiyo na adabu. Chumba kizima kiliisikia. Bwana Hebbar alirudi kwenye ile mpya, akaandika, *tup tup tup*, akaja kwenye ya zamani, akabonyeza, taka. Akakunja paji la uso, akamtazama Rudramuni, akamtazama Sindhura, asielewe. Kijana mmoja akanong'ona kwamba labda ya Mysuru imechakaa.

Sindhura hakuwa anaangalia mashine. Alikuwa anamwangalia mjomba wake, na kile kidole chake kimoja bado kimesimama hewani juu ya kibodi, na Rudramuni aliona kabisa jinsi mambo yalivyokuwa yanapangika ndani ya kichwa cha yule binti, moja baada ya jingine, bila yeye kuweza kuyazuia. Alikuwa mwerevu tangu utoto. Ni kosa la mama yake.

"Mjomba," alisema polepole. "Ulikuwa umekaa wapi?"

Angeweza kusema kuna aina mbili za Sharavati. Angeweza kusema ni masikio ya uzee, na binti angemwachia, alijua, angemsaidia hata kuushikilia uongo wenyewe mbele ya watu. Hilo lilimchukiza kuliko fedheha. Miaka yote wamembeba, dada, baba mkwe, majirani na saa zao za ukutani, na sasa abebwe na huyu pia, ambaye kazi yake ndiyo imesimama pale mezani?

"Nje," alisema. "Nilikuwa nje ya mlango. Nilikuwa nafagia, nafunga mlango, nakaa nje. Sijawahi kuandika kwenye kitu hiki hata siku moja, na hicho nilichobonyeza sasa sijui hata kinaitwaje."

Sindhura alikaa kwenye ukingo wa meza. Uso wake ulikuwa mwekundu na Rudramuni akajiandaa kusikia habari ya insha ile ya darasa la nne, lakini aliposema, alisema na ile mashine mpya, kwa hasira ya fundi.

"Kwa hiyo nimejenga mlango," alisema. "Sponji mbili na mpira. Nimekaa wiki nzima najenga mlango."

"Lakini ni mlango ninaoukumbuka," Bwana Hebbar alisema kwa upole. Alikuwa ameguswa kweli, macho yake yalikuwa yamelowa. "Sisi wengi tuliusikia kutoka nje. Sindhura, hii ni nzuri zaidi kuliko nilivyodhani. Tutaieleza hivyo hivyo kwa wateja. Usibadilishe kitu."

Hapo ndipo Rudramuni alipokasirika kweli, siyo ile hasira yake ya kila siku ya simu na barua. Alisimama na kile kiti kikazunguka kikampiga gotini.

"Bwana mkubwa, wewe ulisimama nje dakika ngapi? Halafu zamu yako ikafika ukaingia. Ndiyo maana ni tamu kwako. Mimi zamu yangu haikufika. Hiyo sauti mnayoipenda ni ya kufungiwa nje, na sasa mnataka kuwauzia watu."

Rudramuni akamgeukia mpwa wake, na sasa sauti yake ilitetemeka, akachukia pia kwamba inatetemeka. Alijua anachokiomba. Kazi imepita, wamempigia makofi, na yeye ndiye anayeiharibu.

"Itoe hiyo sponji," alisema. "Mtu akinunua, basi aingie ndani."

Sindhura alimtazama mkuu wake, aliyekuwa anatikisa kichwa kukataa. Kisha akavuta droo, akachukua bisibisi, akaipindua ile mashine mpya kifudifudi, akaanza kufungua skrubu ya kwanza.